Tabaka la mwanamume mfanyakazi katika sensa za Uingereza: dhana potofu na ukweli

Wanaotafuta habari za ukoo, na hata baadhi ya wanaoandika historia ya wafanyakazi wa Uingereza, hupenda kusema kwamba mtu fulani "aliandikwa" katika sensa kuwa wa tabaka fulani. Kauli hiyo ina makosa kadhaa ndani yake, na yafaa yatenganishwe.

Dhana: karani wa sensa alimpa kila mwanamume tabaka lake mlangoni.

Ukweli ni kwamba tangu 1841 fomu iliachwa katika kaya, mkuu wa kaya akaijaza, na karani akaipitia na kuinakili katika kitabu chake. Asiyejua kuandika ndiye aliyejaziwa na karani. Safu ya kazi ilibeba maneno ya mhusika mwenyewe au ufupisho wa karani, na safu ya tabaka haikuwapo kabisa. Katika sensa ya 1911, ambayo fomu za kaya zenyewe zimehifadhiwa, msomaji huona namba zilizoongezwa juu ya maelezo ya kazi, akazidhania kuwa daraja za kijamii. Hizo ni namba za kupanga kazi katika majedwali, zilizoongezwa baadaye na makarani wa ofisi ya sensa ambao hawakuwahi kumwona mwenye kaya.

Dhana: matabaka matano ya takwimu rasmi, yaani I hadi V, ni ya zamani kama sensa yenyewe.

Sensa ya kwanza, ya 1801, iliwagawa watu mafungu matatu tu: wa kilimo, wa biashara na viwanda na kazi za mikono, na wengineo wote. Mwaka 1851 William Farr, mwanatakwimu wa ofisi ya Msajili Mkuu, alitunga mpango wa kina zaidi uliofuata, kwa sehemu kubwa, mali ghafi ambayo mtu alishughulika nayo: vitu vitokanavyo na wanyama, mimea au madini. Kwa mpango huo tajiri mwenye kiwanda na kibarua wake wangeweza kukaa fungu moja, pamoja na muuzaji wa bidhaa ile ile. Kwa jicho la leo hilo ni vurugu. Lakini Farr alikuwa akichunguza uhusiano wa kazi na vifo, na kwa swali hilo vumbi analovuta mtu lina uzito kuliko cheo chake.

Matabaka yaliingia baada ya sensa ya 1911, kwa kazi ya T. H. C. Stevenson, mwanatakwimu wa ofisi hiyo hiyo, naye akitaka kulinganisha vifo vya watoto wachanga na uzazi katika ngazi mbalimbali za jamii. Mafungu yake yalikuwa manane, matatu kati yake yakiwa ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wachimba migodi na vibarua wa mashambani. Ni kufikia sensa ya 1921 ndipo yalipobaki matano: wataalamu (I), watu wa kati (II), mafundi stadi (III), wenye ustadi kiasi (IV) na wasio na ustadi (V).

Dhana: tabaka lilipimwa kwa mshahara.

Sensa hizo hazikuuliza kipato. Kilichopimwa ni hadhi ya kazi katika jamii, kama maofisa walivyoiona wao, na kigezo hicho kilidumu hadi takriban 1980 kilipobadilishwa kuwa ustadi wa kazi.

Dhana: mwana akionekana tabaka tofauti na la baba yake, basi amepanda au ameshuka.

Hapa ndipo watu wanapopotoka zaidi, kwa sababu mara nyingi lililohama ni jedwali. Makarani wa ofisi, waliokuwa tabaka la II mwaka 1921, waliteremshwa hadi la III mwaka 1931 wakiwa wameketi kwenye meza zile zile. Mwaka 1961 marubani wa ndege walipandishwa kutoka III hadi II, huku wasambazaji wa barua wakishushwa kutoka III hadi IV. Tabaka la III, lililokuwa kubwa kuliko yote, liligawanywa kufikia 1971 ili kutenga kazi za mikono na zisizo za mikono. Tena kulikuwa na kanuni ya madaraka: mnyapara wa vibarua wa tabaka la V aliingizwa la III kwa usimamizi wake tu. Mpango wote uliwekwa kando mwaka 2001, ukachukuliwa na mwingine unaotazama masharti ya ajira.

Kwa England na Wales ulinganisho huo una pengo jingine. Fomu za 1921 zilifunguliwa kwa umma Januari 2022, lakini za 1931 ziliteketea kwa moto Desemba 1942, na mwaka 1941 sensa haikufanyika kwa sababu ya vita. Za 1951 bado zimefungwa kwa kanuni ya miaka mia moja, hivyo anayetaka kumfuata mtu mmoja mmoja baada ya 1921 hana fomu ya sensa ya kushika mkononi, ila majedwali ya jumla.