Wanafunzi wa kigeni hawajitengi kwa kiburi

Katika vyuo vingi wenyeji husema wageni wanajitenga, kila saa wako na watu wa kwao tu. Lawama hiyo haiwatendei haki.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stephen Bochner na wenzake walichapisha utafiti kuhusu urafiki wa wanafunzi wa kigeni huko Hawaii. Waliona mgeni huwa na marafiki wa aina tatu, kila aina na kazi yake. Watu wa kwao humwezesha kuishi mila zake bila kujieleza. Wenyeji humsaidia masomo na taratibu za chuo. Wageni wa nchi nyingine huwa wenzake wa burudani. Kwa hiyo Watanzania wanaosonga ugali pamoja jioni huko Pune, India, hawajawakataa Wahindi. Wanapumzika.

Anayesahaulika ni mwenyeji. Yeye tayari ana ndugu, marafiki wa tangu sekondari, pengine na kibarua. Hata asipokuwa na ubaya wowote, nafasi ya rafiki mpya ni finyu. Mgeni hujaribu mara mbili tatu, kisha hurudi kwa wenzake.

Wala kukaa darasa moja hakutoshi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza kuwa kukutana hupunguza chuki hasa pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano na uungaji mkono wa taasisi. Hafla moja ya kukaribisha wageni haileti hayo. Kazi ya muhula mzima, katika makundi aliyoyapanga mhadhiri mwenyewe, inaweza. Mhadhiri akiacha kila mtu achague wenzake, asishangae mgeni akibaki pembeni.