Uzi mwekundu wa majaaliwa ni nini?

Ni imani ya kale ya Uchina kwamba mume na mke walioandikiwana wamefungwa uzi mwekundu usioonekana tangu wakiwa wadogo, nao haukatiki hata wapite njia gani. Anayeufunga ni Yue Lao, mzee wa mbalamwezi.

Kisa chake kilichovuma zaidi kiliandikwa na Li Fuyan katika karne ya 9, enzi ya ukoo wa Tang. Kijana Wei Gu, ambaye kila akiposa anakataliwa, alifika mji wa Songcheng. Kabla ya mapambazuko akamkuta mzee ameegemea mfuko, anasoma kitabu kwa mwanga wa mwezi. Kitabu kilikuwa cha ndoa za watu wote. Mfukoni mlikuwa na kamba nyekundu za kuwafunga miguu. Wei Gu akauliza mke wake ni nani. Akaonyeshwa sokoni mtoto wa miaka 3, amebebwa na mchuuzi wa mboga mwenye jicho moja. Kwa hasira akamtuma mtumishi akamuue. Kisu kikamchoma mtoto katikati ya nyusi, asife. Miaka 14 baadaye Wei Gu alioa binti aliyelelewa nyumbani kwa afisa mkubwa, mrembo, asiyebandua kamwe pambo la katikati ya nyusi. Chini yake palikuwa na kovu.

Ndiyo maana huniwia vigumu kuuita uzi huu alama ya mapenzi tu. Asili yake ulifunga miguu, na ulichofunga ni ndoa. Mzee alimwambia Wei Gu kwamba hata familia ziwe na uadui, hata mmoja awe tajiri na mwenzake fukara, kamba ikishafungwa hakuna pa kukimbilia. Waswahili tungesema ndoa ni majaaliwa. Japani, uzi ulihamia kwenye kidole kidogo cha mkono, na huko ndiko ulikolainika ukawa wa wapendanao.

Waandishi wa hadithi za mapenzi, katika riwaya, katuni na tamthilia za Asia Mashariki, wamerithi zaidi ule muundo wa kisa: wawili wanakutana utotoni, wanasahauliana, wanarudishwa pamoja, na alama ndogo mwilini ndiyo inayofichua. Msomaji anajua mapema nani atampata nani, kwa hiyo raha yote imo katika kungoja wenyewe wagundue. Wengine humpa mhusika mmoja uwezo wa kuuona uzi, kisha akauona umefungwa kwa mtu asiyemtaka. Huo kwangu ndio utumizi bora, kwa sababu unarudisha lile swali la Wei Gu: je, naweza kukataa?

Kisa cha kale kinasema mke alipojua ukweli, wawili hao walizidi kuheshimiana. Jina lake hakikulitaja, wala alichowaza alipomtazama mumewe wakati ule. Natamani mtu aanzie hapo kuandika.