Kuvusha Mgomba: Maana Yake kwa Mwenye Bustani ya Nyumbani

Kuvusha mgomba ni kuutunza ubaki hai katika kipindi ambacho hauwezi kukua, ili msimu mzuri utakaporudi uendelee pale ulipoishia, badala ya mwenye bustani kuanza tena na mche mwingine. Kipindi hicho si kimoja duniani kote. Kwa mkulima wa bustani wa Uingereza ni majira ya baridi, inapoanguka jalidi, yaani umande unaoganda usiku na kuyaunguza majani. Kwetu Tabora ni kiangazi, kinachoshika Mei na kutuachia Novemba, mvua za kwanza zinapodondoka. Maadui ni wawili tofauti, lakini kinacholindwa dhidi yao ni kitu kimoja, nacho nitakieleza kwa kirefu kuliko mengine yote, kwa sababu migomba mingi ya majumbani niliyoiona ikifa haikufa kwa kukosa mtu wa kuihangaikia. Ilihangaikiwa pasipo mahali pake.

Watu wengi huuita mgomba mti, na kwa macho unafanana na mti, ila hauna mbao hata kidogo. Ukilikata shina lake kwa panga ukatazama pale palipokatwa, utaona duara ndani ya duara, mfano wa kitunguu kilichopasuliwa katikati, na kila duara lina vyumba vidogo vya hewa vilivyojipanga kama vya sega la nyuki. Kila duara ni mguu wa jani moja. Shina tunaloliona, basi, ni miguu ya majani iliyokumbatiana, na ndiyo sababu wataalamu wa kilimo huliita shina la uongo. Shina la kweli liko chini ya udongo: ni lile bonge zito liitwalo tunguu, ambalo mizizi hutokea humo, majani hutokea humo, na machipukizi yote hutokea humo. Wakati wa kuzaa ndipo kikonyo cha ua kinapopanda kutoka kwenye tunguu, kikapita katikati ya majani hayo yaliyojiviringisha, kikatokea juu na kuwa mkungu.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, nilifukua tunguu la mgomba ambao kila aliyepita uani aliniambia umeshakufa. Juu ya ardhi palikuwa na magomba makavu yanayolia kama karatasi ukiyashika. Nilichimba kwa sululu, kwa uangalifu, mpaka likatoka bonge la ukubwa wa sufuria ya wastani, jeusi kwa nje, lenye mizizi minene kama penseli, mingi ikiwa imekauka na michache ikiwa bado laini. Nilipolikwangua kwa kisu, nyama yake ilikuwa nyeupe na yenye maji, na baada ya dakika chache pale nilipokwangua pakaanza kugeuka rangi ya kahawia, kama inavyogeuka ndizi mbichi iliyomenywa. Ubavuni palikuwa na macho matatu yaliyochongoka, meupe yenye wekundu kwa mbali. Nililirudisha shimoni, nikalimwagia maji, nikalifunika kwa majani. Kabla ya Krismasi jicho moja lilikuwa limetoa chipukizi linalofika gotini.

Tunguu hilo lilikuwa limevuka, na mgomba ulikuwa umevuka nalo. Hata hivyo, haukuvuka na mali yake yote. Mgomba hutoa majani thelathini na kitu, wakati mwingine arobaini, kabla ya kutoa ua, kwa hiyo chipukizi linaloanza upya kutoka jichoni lina safari ndefu mbele yake, ilhali mgomba uliovuka na shina lake lote huendelea kuhesabu kutoka jani la mwisho. Kwa sababu hiyo kuvusha kuna daraja mbili: kuvusha tunguu peke yake, jambo ambalo ni kuokoa uhai, na kuvusha tunguu pamoja na shina, jambo ambalo ni kuokoa uhai na muda. Mwenye bustani anapaswa kujua analenga daraja ipi kabla ya kushika panga.

Wazungu wa nchi za baridi wameifanya kazi hii kuwa ufundi kamili. Mgomba wanaoupenda zaidi bustanini ni Musa basjoo, ambao huitwa mgomba wa Kijapani ingawa asili yake ni China, na ndizi zake hazilikwi. Huupanda kwa ajili ya majani tu. Jalidi ya kwanza inapoyaunguza majani, huyakata, hulizungushia shina kizimba cha waya, hukijaza mabua makavu ya ngano mpaka juu, kisha huweka paa dogo ili mvua isiingie. Paa hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa katika baridi kali maji ni adui: tunguu lililolowa, lisilokua, huoza. Wengine huing'oa migomba yao, hukung'uta udongo na kuilaza ndani ya ghala kavu lisiloganda, bila kuimwagia maji kwa miezi kadhaa. Wenye uwezo mkubwa walijenga nyumba za vioo zenye kupashwa moto. Ndani ya nyumba ya namna hiyo, katika jumba la Chatsworth huko Uingereza, mtunza bustani Joseph Paxton aliistawisha na kuizalisha migomba katika miaka ya 1830, na aina hiyo ikapewa jina la ukoo wa bwana wake, Cavendish. Leo ndizi za kundi la Cavendish ndizo zinazojaza maduka ya Ulaya, na wanaozinunua ni nadra kujua kwamba jina hilo lilianzia kwenye nyumba ya vioo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo makosa yanapoanzia. Tabora iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa takribani mita 1,200. Usiku wa Juni na Julai tunajifunika blanketi, lakini hakuna jalidi. Kinachouzuia mgomba kukua hapa ni udongo uliokauka, na kinachoumaliza ni jua la Septemba na Oktoba linaloukuta udongo huo ukiwa tayari hauna kitu. Mizizi mingi ya mgomba iko kwenye sentimita 40 za juu, yaani kwenye tabaka lile lile linalokauka mwanzo, wakati majani yake mapana yanaendelea kupoteza maji mchana kutwa. Mmea huu haulali usingizi kama mninga, unaopukutisha majani ukatulia. Huvumilia tu. Utaona mchana pande mbili za jani zinajikunja kuelekea chini kwenye uti wake, kama mtu anayefunga mwavuli, na jioni zinafunguka. Siku zisipofunguka tena jioni, ujue hali ni mbaya. Jani jipya ambalo wakati wa mvua lilikuwa likitoka kila baada ya wiki moja au siku kumi, sasa hukaa wiki kadhaa likiwa limejiviringisha. Na mgomba ukiwa umeshaanza kupandisha ua, mkungu huweza kukwama kooni, ukatokea kwa shida ukiwa na chane zilizopinda na kubanana.

Mwaka wangu wa kwanza na migomba nilifuata maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Mwezi wa Juni niliyakata majani yote mabichi nikidhani naupunguzia mgomba mzigo, kisha nikasimamisha maji kabisa nikiogopa kuoza. Mwezi wa Agosti mashina matatu yalianguka kwa upepo, ndani yakiwa matupu. Jirani yangu, bibi mmoja mwenyeji wa Kasulu aliyehamia huku zamani, alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia, akainama akagusa udongo kwa kiganja. «Mwanangu, huku usikate,» aliniambia. «Funika kwanza. Ukishafunika, ndiyo utafute maji.»

Mpangilio wake ulikuwa sahihi, na tangu hapo nimeufuata. Kufunika hufanywa Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua, kwa kuwa matandazo hayaleti maji, hutunza yaliyopo. Ukisubiri mpaka Julai unafunika vumbi. Mimi hutumia magomba ya migomba iliyokwisha kuvunwa, yaliyokatwakatwa na kutandazwa, pamoja na mabua ya mahindi na nyasi, unene wa shubiri moja, kuzunguka shina lote. Naacha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina lenyewe, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda kujificha penye giza na unyevu karibu na tunguu ili atage mayai, na mchwa wetu wa Tabora hawahitaji kukaribishwa.

Baada ya hapo hupunguzwa machipukizi. Kila chipukizi linakunywa kwenye tunguu lile lile, kwa hiyo shina lenye watoto saba haliwezi kuvuka kiangazi likiwa na nguvu. Kanuni ya mama, mtoto na mjukuu ndiyo ninayoitumia: mgomba mkubwa mmoja, chipukizi moja linalomfuata, na dogo moja la mwisho. Ya kuacha ni yale yenye majani membamba kama upanga na kitako kipana, kwa kuwa hayo yameshikamana vizuri na tunguu la mama. Yenye majani mapana yakiwa bado mafupi mara nyingi hayana nguvu. Kuhusu majani, kata yaliyokauka peke yake. Jani bichi, hata lililochanwachanwa na upepo, bado linapika chakula kinachohifadhiwa kwenye tunguu.

Maji ndiyo suala gumu, hasa kwa anayenunua kwa ndoo. Mgomba unaokua vizuri huhitaji takribani milimita 25 za mvua kwa wiki, ambazo ni lita 25 kwa kila mita mraba ya ardhi inayouzunguka. Kwa mizizi iliyotawanyika mita mraba mbili, hizo ni lita 50, na watu wachache mjini wanaweza kumudu kiasi hicho kwa kila shina kuanzia Juni mpaka Oktoba. Lakini kuvusha si kustawisha. Tunalotafuta ni tunguu lisikauke na shina lisianguke, na kwa uzoefu wangu ndoo mbili za lita 20 kwa wiki, zilizomwagwa jioni kwa mara moja chini ya matandazo, zinatosha kwa hilo. Kopo moja kila siku halifai kitu, kwa sababu linalowesha juu tu na jua la kesho yake linalichukua. Maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa pia. Samadi isubiri mvua.

Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea, na sehemu kubwa ya udongo wetu ni wa kichanga kisichokaa na maji, kwa hiyo kazi ya kuvusha huanza siku ya kupanda: shimo la futi mbili kila upande, lililojazwa udongo wa juu na samadi iliyooza, na uso wake ukiachwa chini kidogo ya ardhi ili maji yatuame. Aina nayo ina nafasi yake. Bokoboko huvumilia ukame kuliko nyingi za ndizi tamu, kwa kuwa ina damu ya mgomba mwitu uitwao Musa balbisiana, ambao ni mgumu kwa asili.

Mkoani Kigoma, kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe, mambo ni mepesi zaidi kwa sababu ya ubaridi na unyevu wa milimani, na mwenye shamba la migomba iliyosongamana huvusha bila hata kulitaja neno hilo, maana migomba inajifunika kwa majani yake yenyewe. Lakini kuna mgomba usiopaswa kuvushwa popote pale, nao ni wenye mnyauko bakteria, ugonjwa ulioonekana nchini mwaka 2006, mkoani Kagera, kisha ukasambaa mikoa jirani. Majani hunyauka yakiwa na rangi ya manjano hata kukiwa na maji ya kutosha, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kutu, na ukikata shina hutoka ute wa manjano hafifu. Hapo tunguu, ambalo siku zote ni akiba yetu, limekuwa ghala la maradhi. Shina hilo huondolewa lote, panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na machipukizi yake hayagawiwi kwa mtu, hata ndugu.

Mvua za Novemba zikianza, usiharakishe kung'oa kile kinachoonekana kimekufa. Kuna kipimo rahisi. Kata ncha ya shina kwa panga safi, kiasi cha kiganja, utazame katikati ya yale maduara. Kukiwa kweupe na kugumu, rudi kesho yake asubuhi: kama shina li hai, utakuta jani lililojiviringisha katikati limepanda juu ya mahali ulipokata, upana wa kidole au zaidi, wakati maduara ya pembeni yamebaki palepale. Kukiwa laini na kunanuka, shuka chini kidogo ukate tena, mpaka ufike kwenye weupe. Na ukifika ardhini bila kuuona, fukia pale, mwaga maji, usubiri mpaka Januari kabla ya kuchukua sululu.