Kipimo cha amonia: mbona damu haipandishwi mashua?

Babu ana ugonjwa wa ini, siku hizi anasinzia mchana na kukesha usiku. Amonia inahusikaje?
Vijidudu vya utumbo mpana huvunja protini, amonia ikatoka. Ini huigeuza kuwa urea, ikatoka kwa mkojo. Ini likichakaa, amonia hufika kwenye ubongo: usingizi hupinduka, kumbukumbu hupotea, viganja hupigapiga mikono inaponyooshwa.

Tuko Faza, kisiwani Pate. Damu haiwezi kutolewa hapa ikapelekwa Amu (mji wa Lamu) kwa mashua?
Hapana. Damu ikiwa ndani ya chupa huendelea kutoa amonia, na joto huzidisha. Mgonjwa ndiye asafiri. Pigeni simu kwanza: si kila maabara hufanya kipimo hiki, huenda ikabidi aende bara.

Damu hutolewaje?
Mpira unaofungwa mkononi usikazwe kwa muda mrefu, wala babu asikunje ngumi, kwani misuli hutoa amonia. Chupa ya kizibo cha zambarau ijazwe hadi mstarini, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, kisha itumbukizwe kwenye maji yenye barafu. Maji yenye barafu, si kufukiwa kwenye barafu tupu kama nguru! Damu ikigandishwa, chembe nyekundu hupasuka, nazo zina amonia karibu mara 3 ya iliyomo kwenye utegili, yaani majimaji ya damu. Ndani ya dakika 15 hivi izungushwe kwenye mashine ili utegili utengwe. Kizibo kisifunguliwe kabla ya hapo.

Anavuta sigara.
Asivute asubuhi hiyo. Sigara hupandisha namba. Dawa ya kifafa ya valproeti pia huipandisha, kwa hiyo itajeni.

Majibu yametoka 70. Tuogope?
Kwa mtu mzima, maabara nyingi huweka kikomo kati ya mikromoli 35 na 50 kwa lita. Someni kilichoandikwa kwenye karatasi yenu. Kama babu yu macho na anazungumza sawasawa, shakieni kwanza jinsi damu ilivyochukuliwa, na kipimo kirudiwe. Kinyume chake, amechanganyikiwa na namba ni ya kawaida? Daktari atafute sababu nyingine: sukari kushuka, maambukizi, malaria.

Tumwachishe samaki?
Msimwachishe. Ushauri huo ni wa zamani. Misuli nayo husafisha amonia, na mgonjwa wa ini hukonda upesi. Agawiwe milo midogo midogo, pamoja na kitafunio kabla ya kulala. Akiandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kiasi chake hurekebishwa hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akikosa choo siku nzima, mjulisheni daktari. Akianza kuharisha pia, kwani kupungukiwa maji humrudisha kwenye usingizi ule ule.