Mashine ya kusawazisha moyo: elektro kwanza, safari baadaye

Hapa Bukavu, munganga akisema moyo wa baba umechoka, haichukui muda familia inaanza kuhesabu: nani ana ndugu Nairobi, kiwanja kipi kitauzwa. Mashine inayotajwa ni pesimeka, kifaa kidogo cha umeme kinachopandikizwa mwilini, inayofanya pande mbili za moyo zipige pamoja. Ni kifaa kizuri, kwa yule kinayemfaa. Haya ndiyo yanayosemwa na watu, na majibu yake.

"Moyo wowote dhaifu utasaidika."
La. Mashine hii haitii nguvu moja kwa moja kwenye nyama ya moyo. Inarekebisha mpigo usio na mpangilio. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye njia ya umeme ya upande wa kushoto imeziba, ukuta wa upande huo ukabaki nyuma. Hilo linasomwa kwenye elektro, yaani mchoro wa umeme wa moyo kwenye karatasi, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote katika habari hii. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kila kisanduku kidogo ni milisekunde 40. Wimbi la QRS, linaloonyesha umeme ukienea kwenye vyumba vya chini vya moyo, kwa kawaida halizidi visanduku vitatu. Likikaribia vinne, yaani milisekunde 150 au zaidi, na ni njia ya kushoto iliyoziba, matumaini ni makubwa. Wanawake wengi hufaidika hata likiwa fupi kidogo kuliko hapo.

Na wimbi likiwa jembamba? Katika utafiti wa EchoCRT wa 2013, wagonjwa wenye QRS chini ya milisekunde 130 walipandikizwa mashine wote, kisha kazi ya kusawazisha ikawashwa kwa nusu yao tu. Waliowashiwa ndio waliokufa zaidi. Kwa hiyo "tujaribu tu, haidhuru" ni ushauri mbaya.

"Ekografi itatuchagulia."
Ekografi, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha ni sehemu gani ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini cha kushoto inayosukumwa kila pigo, na mashine hufikiriwa ikiwa asilimia 35 au chini. Lakini utafiti wa PROSPECT, wa 2008, ulijaribu vipimo 12 vya ekografi vya kutafuta kuta zisizoenda pamoja. Hakuna hata kimoja kilichotosha kuchagua mgonjwa.

"Dawa ni za kungojea mashine."
Dawa ndizo matibabu yenyewe, na hupewa angalau miezi mitatu kwa dozi kamili kabla ya kuamua. Mama aliyeugua moyo karibu na kujifungua asikimbizwe: mioyo mingi ya namna hiyo hupona kwa dawa.

"Ikiwekwa, kazi imeisha."
Hata kwa waliochaguliwa vizuri, karibu theluthi moja hawapati nafuu iliyotarajiwa. Pengine waya wa mashine umeangukia kwenye kovu la shambulio la moyo; pengine vyumba vya juu vinapiga ovyo na kuinyang'anya mashine mapigo, wakati inapaswa kuongoza zaidi ya asilimia 98 ya mapigo. Yote hayo hugunduliwa kwa kuikagua mara kwa mara kwa kompyuta maalumu. Kabla ya kukata tiketi, muulizeni munganga kompyuta hiyo iko wapi, na nani atalipa upasuaji mwingine betri ikiisha.