Vyama vya kahawa vinavyogombea matunda yaleyale: dhana potofu na ukweli

Vyama vingi vya ushirika vya Kalehe, Kabare na Idjwi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, hupitisha kahawa yao Bukavu, na msimu ukifika hugombea wakulima walewale. Ndiyo maana kila kimoja huficha ujuzi wake, hata ule ambao kuuficha ni hasara.

Dhana: Ukimwonyesha jirani unavyoandaa kahawa, umemkabidhi wanunuzi wako.

Ukweli: Mnunuzi akionja ladha ya kiazi kibichi halaumu chama kimoja, husema kahawa ya Kivu ina kiazi. Kasoro hiyo huhusishwa na antestia, kunguni wa kahawa, anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Ikishakaangwa, punje mbovu haitambuliki kwa macho. Harufu hutoka wakati wa kusaga, na punje moja yatosha kuharibu kikombe. Kwa hiyo fundishaneni bila choyo: kupogoa mibuni, maana mdudu huyu hupenda majani yaliyosongamana, kuloweka matunda na kuondoa yanayoelea kabla ya kumenya, kuchambua parche (punje zilizomenywa, zikiwa bado na ganda lake jembamba) kwa mkono ingali mbichi, madoa yakiwa bado yanaonekana. Shamba la jirani lisipopogolewa, kunguni watahamia kwako.

Dhana: Anayejua saa zako za kuchachusha (kuacha punje zilizomenywa zichachuke ili utelezi utoke) ameiba siri yako.

Ukweli: Saa 18 zinazotosha kando ya Ziwa Kivu huenda zisitoshe mlimani, kwa kuwa baridi huchelewesha uchachu. Kipimo ni mkono: sugua punje ndani ya maji mpaka utelezi uishe. Hilo halijifunzwi kwa karatasi. Msimamizi wako wa matangi ya kuchachushia akae kwa jirani siku chache za mavuno, na wa kwake aje kwako.

Dhana: Kushirikiana ni kufungua madaftari yote.

Ukweli: Bei, wanunuzi na orodha ya wakulima vibaki ndani. Kontena la futi 20 hubeba magunia kama 320 ya kilo 60. Vyama viwili vikilijaza pamoja, vinahitaji kuonyeshana uzito, unyevu (asilimia 10 hadi 12) na matokeo ya kuonja, basi. Kosa kubwa ni kuchanganya mafungu kabla ya kuonja sampuli: kasoro ikitokea, hakuna ajuaye ni ya nani, na ugomvi huanzia hapo.

Dhana: Tunafahamiana, hakuna haja ya kuandika.

Ukweli: Andikeni ukurasa mmoja: kila upande unatoa nini, nani anaulizwa, na anayepokea bila kutoa atafanywa nini. Usainiwe kabla ya mavuno, bei ya matunda ikiwa haijaanza kupanda.