Habari kama msaada: manusura wa tetemeko la ardhi hupataje taarifa?

Katika shughuli za uokoaji, "habari kama msaada" ni dhana inayosema kwamba taarifa sahihi, inayofika kwa wakati na kwa lugha anayoielewa mhusika, ihesabiwe pamoja na maji, chakula, dawa na hema, wala isisubiri hadi hayo yote yatimizwe. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu liliifanya mada kuu ya ripoti yake ya maafa duniani ya mwaka 2005. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: lori la maji halimfai mama aliyejihifadhi upande wa pili wa mji ikiwa hakuna aliyemwambia linasimama wapi na saa ngapi.

Ni vyema kutenganisha habari kuhusu tetemeko na habari kwa ajili ya manusura, kwa kuwa mara nyingi mtu aliye mbali huwa na habari nyingi kuliko aliyefikwa na janga. Wa mbali ameona picha zilizopigwa kutoka kwenye helikopta na anajua ukubwa wa tetemeko na idadi ya waliokufa. Aliyekaa uwanjani na blanketi moja hajui hata moja kati ya hayo, na hata angeyajua yasingemsaidia sana. Anachotaka kujua ni iwapo mwanawe aliyekuwa shuleni yu hai, kama daraja linapitika, kama maji ya kisima bado yanafaa kunywa, na hospitali ipi inaendelea kupokea majeruhi. Wakazi wa Bukoba waliolala nje baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 wanalifahamu swali jingine linalorudi kila usiku: je, ni salama kuingia ndani, au ukuta uliopasuka utaanguka kwa mtikisiko ujao?

Simu, ambayo leo ndiyo njia ya kwanza mtu anayoikimbilia, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushindwa. Minara mingine huanguka, nyaya za chini ya ardhi hukatika, na ile iliyobaki imesimama hutegemea betri ambazo huisha baada ya saa kadhaa umeme ukishakatika. Isitoshe, watu wote hupiga kwa wakati mmoja na mtandao huzidiwa. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya mahali ambapo sauti haipiti, kwa kuwa huhitaji nafasi ndogo tu na unaweza kusubiri katika foleni hadi njia ipatikane. Kwa hiyo, katika saa za mwanzo, ni busara kuandika badala ya kupiga.

Nyuma ya simu ipo redio, hasa ile ndogo ya betri, ambayo hadi leo haijapata mbadala. Na redio nayo ikikosekana, hubaki karatasi.

Ishinomaki, mji wa pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani, ulithibitisha hilo baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Gazeti la huko, Ishinomaki Hibi Shimbun, lililoanzishwa mwaka 1912, lilijikuta halina umeme na mitambo yake ya kuchapa haifanyi kazi. Wahariri walichukua karatasi za kuchapia ambazo hazikulowa, wakaandika habari kwa mkono kwa kalamu zenye ncha nene, wakanakili nakala chache, na kuzibandika katika vituo walikojihifadhi watu. Walifanya hivyo kwa siku sita mfululizo. Toleo la kwanza, la tarehe 12 Machi, liliwahimiza wasomaji wachukue hatua kwa kufuata taarifa sahihi. Ukitazama karatasi hizo unaona maandishi makubwa, mengine kwa wino mwekundu, yaliyopangwa ili mtu aliyesimama nyuma ya wenzake aweze kuyasoma. Naliheshimu sana gazeti hilo, kwa kuwa waandishi wake walikuwa manusura kama wasomaji wao.

Pasipo na habari, uvumi hujaza nafasi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baada ya tetemeko, methali hiyo haifai kutegemewa. Tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 liliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo na Yokohama, pamoja na ofisi za magazeti mengi ya mji mkuu, wakati ambapo matangazo ya redio yalikuwa bado hayajaanza nchini Japani. Ukaenea uvumi kwamba Wakorea wanachoma nyumba na kutia sumu visimani. Baadhi ya polisi na maofisa wa serikali wenyewe waliusambaza, na makundi ya raia wenye silaha, na hata askari, wakawaua maelfu ya watu wasio na hatia. Uvumi wa siku hizi mara nyingi hudai kwamba tetemeko kubwa zaidi litapiga usiku huu saa fulani. Huo unapimika kwa urahisi: sayansi inaweza kusema kwamba mitetemo mingine inatarajiwa, lakini hakuna awezaye kutaja siku na saa, kwa hiyo ujumbe unaovitaja ni wa uongo hata ukiwa na jina la taasisi kubwa.

Lugha nayo huamua nani anapata habari na nani anaachwa. Kobe ilipotikisika alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, na zaidi ya watu 6,400 wakafariki katika janga hilo, wilaya ya Nagata ilikuwa na Wakorea wengi na Wavietnamu waliofanya kazi katika viwanda vya viatu. Matangazo ya kawaida yalikuwa kwa Kijapani. Wakorea, ambao kwao kumbukumbu ya mwaka 1923 bado ilikuwa hai, walianzisha kituo kidogo cha redio walichokiita Yoboseyo, yaani salamu ya Kikorea ya kupokelea simu. Wavietnamu nao wakapata chao. Vituo hivyo viliungana, na mwaka mmoja kamili baada ya tetemeko kikazaliwa kituo cha FM cha jamii cha lugha nyingi.

Haiti ilipopigwa tarehe 12 Januari 2010, habari zilianza pia kusafiri kutoka kwa manusura. Kwa namba fupi 4636 watu walituma ujumbe kwa Krioli wakieleza walipo na wanachohitaji, Wahaiti waishio ng'ambo wakaufasiri, na taarifa zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007 na ambayo jina lake halihitaji mkalimani kwetu. Hata hivyo, mikutano mingi ya kuratibu misaada jijini Port-au-Prince iliendeshwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo karibu kila mtu huzungumza Krioli. Kwa maoni yangu hilo halikuwa kosa dogo, kwa sababu msaada ulipangwa mbele ya watu bila wao kuelewa kinachosemwa.

Japani iliendelea kulifanyia kazi lile swali la kwanza kabisa la manusura, yaani nani yu hai. Mwaka 1998 ilianza huduma ya simu ya namba 171, ambayo hufunguliwa wakati wa maafa. Aliyenusurika hupiga, huingiza namba ya simu ya nyumbani, na kurekodi sauti yake kwa muda usiozidi sekunde 30. Ndugu yake, popote alipo nchini, huingiza namba ileile na kuisikia, bila wawili hao kulazimika kuwa hewani kwa wakati mmoja. Tarehe 1 na 15 ya kila mwezi huduma hiyo huwa wazi kwa majaribio, ili familia zizoee kuitumia ardhi ikiwa bado imetulia.